Mmea Uliokatazwa Kufa

Nyumbani kwetu Awindiri mama yangu alikuwa na mmea mmoja tu, na aliutunza kuliko alivyotunza viatu vyake vya kanisani. Aliutoa Bunia, Congo. Wazungu walipoondoka huko waliacha nyumba zenye vibaraza vilivyojaa vyungu vya maua, na mama, aliyekuwa akifua nguo katika mojawapo ya nyumba hizo, alikata kipande akakiviringisha katika kitambaa chenye maji. Tulipovuka mpaka kuja kukaa Arua, kipande hicho kilikuwa ndani ya sufuria, sufuria ndani ya kikapu, na kikapu kichwani mwake.

Majani yake yalikuwa meusi. Ukiyaangalia kwa makini dirishani uliona ni kijani kilichokolea mno, lakini mtu aliyeingia kutoka juani aliona weusi tu. Jani moja lilikuwa refu kama mkono wangu kuanzia kiwiko hadi vidole, lenye ncha ya mkuki, na upande wa chini lilikuwa na rangi ya maini mabichi. Jani jipya lilikuja limefungwa katika ganda la waridi, jembamba kama kidole cha mtoto mchanga. Ganda lilipasuka, jani likajikunjua polepole, kisha ganda likakauka na kuanguka. Mama hakuruhusu mtu kulibandua. "Acha itoke yenyewe," alisema. "Mutoto haivutwe."

Jina la mmea hatukulijua. Miaka mingi baadaye, nikiwa Kisangani, mtunza bustani wa hoteli moja aliniambia unaitwa filodendroni. Nimeishi miji mingi tangu niondoke kwetu, Yei, Juba, Kisangani, na miji mingine niliyokaa muda wa kukodi chumba na kukichoka. Karibu kila mji nimeuona mmea huo ukiwa umewekwa pembeni mwa ofisi ya mtu, watu wakipita bila kuutazama. Mimi siwezi kupita hivyo. Husimama kwanza, ndipo nikumbuke kwa nini.

Nilipomaliza sekondari nilikaa kidogo sokoni Arua na mama, tukiuza vitenge, mpaka nikaolewa na kijana wa Koboko. Siku ya kuondoka mama alinikatia kipande. Alinionyesha pa kukata: chini kidogo ya kifundo, pale ambapo mzizi mdogo wa kahawia umeshaanza kuchungulia hewani. Aliniambia niuchanganyie udongo wa chini ya miti na mkaa uliopondwa, nisiuweke juani, nisiusukume gizani pia, na nisimwage maji mpaka nitie kidole na kukuta udongo umekauka hadi kwenye pingili ya kwanza. Kisha akanishika mkono.

"Ukikata, usiguse macho, usiguse kinywa. Maji yake iko mubaya. Haiui mutu, lakini inachoma."

Wakwe zangu walikuwa Waislamu wa Lurujo, wakulima wa mihogo na tumbaku. Mume wangu alikuwa mtoto wa pili. Kaka yake mkubwa alikuwa sajenti katika jeshi, na nyumba ya mabati tuliyoishi karibu na mji wa Koboko ilikuwa yake. Aliijenga, akamweka mama yake, kisha akamwambia mdogo wake aje na mkewe wamwangalie mama. Sebule ilikuwa na viti vya mbao vyenye vitambaa vya kufuma, meza ndogo, redio, na dirisha linalotazama mashariki lenye pazia jepesi. Mmea wangu ulipapenda mahali pale. Niliupanda katika debe la mafuta nililolitoboa chini, nikauegemeza kwenye gogo nililolizungushia kamba ya katani ili mizizi yake ya hewani ishike. Mwaka wa pili mmea ulifika dirishani.

Kazi kubwa ilikuwa vumbi. Barabara ya kwenda mpakani ilipita karibu, na wakati wa kiangazi kila lori liliacha wingu jekundu lililoingia ndani na kukaa juu ya kila kitu. Jani lenye vumbi halipumui, mama aliniambia hivyo, basi kila Ijumaa, wanaume wakienda msikitini, nilichukua kitambaa na bakuli la maji na kufuta jani baada ya jani, nikilishikilia kwa chini kwa kiganja. Mama mkwe alikaa mkekani akichambua simsim na kunitazama.

"Huyu mtoto wa Congo anaogesha majani," aliwaambia majirani, "na mume wake anaoga peke yake."

Walicheka, nami nikacheka. Lakini mmoja wao, mwanamke mzima, hakuketi kamwe upande wa dirisha. Aliniuliza mara moja kama majani yale huliwa. Nilisema hapana. Akauliza, "Kama hailiwi, iko ya nini?" Nikasema ni ya kutazama tu. Alinitazama mimi badala ya mmea, na tangu siku ile nilianza kuwa mwangalifu na maneno yangu.

Lazima nieleze hofu ya miaka ile, maana walio mbali walidhani sisi wa familia za askari tulilala usingizi mzuri. Mwenye ndugu jeshini aliogopa mara mbili. Alimwogopa huyo ndugu mwenyewe, na aliwaogopa watakaokuja siku ndugu huyo akikosana na wenzake. Redio iliposoma majina ya waliohamishwa au kupandishwa cheo, mama mkwe aliacha kutafuna. Gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, sote tulinyamaza mpaka liendelee. Na juu ya hayo, kulikuwa na hofu ya zamani zaidi ya jeshi, hofu ya sumu. Mtu akifa ghafla, jambo la kwanza watu waliuliza ni alikula kwa nani. Mimi nilikuwa mgeni katika nyumba hiyo, mtu wa Congo, Mkristo, na jiko lilikuwa langu.

Shemeji yangu alikuja nyumbani mara chache. Akija, alifika na Land Rover na dereva, alilala siku mbili au tatu, akapokea watu waliokuja kumsalimia wakiwa na kofia mikononi. Hakuwa mtu wa kelele. Aliniita "shemeji" kwa upole, na upole huo ndio ulionitia woga. Sikujua unafunika nini. Aliketi daima akiutazama mlango, mgongo wake ukigusa karibu majani ya mmea wangu.

Ziara ninayoisimulia ilikuwa wakati wa kiangazi, mwaka wa sabini na saba. Asubuhi ya kuondoka kwake mama mkwe alimtengenezea odii, ile karanga na simsim iliyosagwa pamoja mpaka ikawa laini, aile njiani na mihogo ya kuchemsha. Chakula cha safari kwetu hufungwa kwenye jani la mgomba lililopitishwa motoni kidogo ili lilegee. Mimi nilikuwa nimekwenda kisimani. Niliporudi gari lilikuwa limeshaondoka, na mama mkwe alikuwa ameketi kivulini, ameridhika kama mtu aliyelisha wageni wengi.

Niliingia sebuleni kuweka maji. Majani mawili makubwa ya mmea wangu hayakuwepo. Vikonyo vyake vilikuwa vimekatwa kwa kisu, na kwenye kila kimoja tone la maji lilikuwa linaning'inia.

Nilielewa mara moja. Migomba yetu ilikuwa imechanwachanwa na upepo wa kiangazi, hapakuwa na jani zima hata moja. Naye mama mkwe alikuwa ameona kila Ijumaa nikiyaogesha yale meusi mpaka yakang'aa. Alimtafutia mwanawe jani safi kuliko yote nyumbani, akalipitisha motoni lilegee, maji yake yakatoka, akapakia odii ndani.

Nilitoka nikasimama mbele yake. Nilitaka kumwambia. Lakini ningesema nini? Kwamba chakula alichomfungia mwanawe kina kitu kibaya, na kitu hicho nilikileta mimi, na nilijua? Nilisema tu, "Mama, umetumia majani yangu?"

"Nilitumia. Si nyumba ni ya mwanangu?"

"Ni ya mwanao, mama."

"Basi."

Nilikwenda shambani kumtafuta mume wangu, nikamweleza. Aliweka jembe chini, akasikiliza upande wa barabara. "Labda atatupa jani, ale cha ndani tu," alisema. Nikamwambia odii hushikamana na jani. Sote tulijua mtu anayekula odii hulamba jani lake mpaka mwisho, na kukwangua kwa meno pale ilipogandamana.

Gari lilirudi kabla ya adhuhuri. Nililisikia likija kwa kasi, nikajua ni lile kwa jinsi halikupunguza mwendo kwenye mashimo.

Shemeji alishuka akiwa ameshika kitambaa mdomoni. Midomo yake ilikuwa imevimba, mate yakimtoka, na aliponyoosha mkono kutuonyesha tuingie ndani tulimwona ana bastola. Alijaribu kusema, ulimi ukakataa. Basi dereva wake, kijana wa huko mashariki aliyekuwa na hofu kuliko sisi, akawa anasema kwa niaba yake.

"Afande anauliza, nani alifunga hii chakula?"

Tulikuwa wanne mbele yake: mama mkwe, mume wangu, mimi, na dereva mlangoni. Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa ameshika ncha ya mtandio wake na uso wake umekuwa wa kijivu. Alikuwa hajui alichofanya. Aliona tu mwanawe amelishwa sumu, na aliona mkono uliomlisha ni wake.

"Afande anauliza tena."

"Jani ni la mmea wangu," nilisema. "Ule pale."

Dereva aliutazama, akamtazama afande. "Huyu ni mutu ya Congo?"

"Ni mke wangu," mume wangu alisema.

"Sikukuuliza wewe," dereva alisema.

Shemeji aliinua bastola kidogo, si kunielekezea, ila kama mtu anayeinua kidole ili watu wanyamaze. Nilijua kwamba nikieleza, maneno yangu yatakuwa maneno ya mtu wa jikoni anayejitetea, na watu wengi walikuwa wamepotea miaka hiyo wakiwa katikati ya maelezo yao. Huko Koboko, anayekukaribisha kinywaji huonja kwanza mbele yako, ndipo akupe. Ni adabu, na ni kiapo pia. Sikuwa na kiapo kingine ambacho watu wale wangekiamini. Nilikwenda dirishani, nikavunja jani, nikalitia kinywani na kulitafuna.

Mwanzo ni kama jani lolote, linateleza, halina ladha. Halafu zinakuja sindano. Zilinichoma ulimi, ufizi, koo, zikaendelea kuchoma hata nilipoacha kutafuna, na machozi yalinitoka pasipo kulia. Nilimeza. Nilitaka aone nimemeza.

"Haiui," nilisema, nikiwa bado na ulimi wa kusemea. "Inachoma tu."

Ndipo mama mkwe alipoinuka. Alinipita, akanyakua kipande kilichobaki mkononi mwangu.

"Mimi ndiye nilifunga," alimwambia mwanawe. "Huyu alikuwa kisimani. Nilikuzaa, nikakunyonyesha, na leo naonja mbele yako kama mgeni." Akatafuna. Aliziba mdomo kwa kiganja, akaketi chini mkekani palepale.

Shemeji alivuta kiti kilichokuwa mbali na mmea, akaketi, bastola juu ya paja, akatutazama. Nilielewa anachofanya. Alikuwa anangoja kuona kama tutakufa.

Tuliketi hivyo. Midomo yetu ilivimba kama yake. Mama mkwe alikuwa akitema mate kwenye kitambaa, nami vivyo hivyo. Jua lilitoka kwenye pazia likahamia ukutani. Mume wangu aliomba ruhusa kwa ishara, akaleta maziwa. Alionja kwanza, akampa mama yake, mama akanipa mimi, na ndipo shemeji akanyoosha mkono. Midomo iliyovimba haikushika kikombe, maziwa yakamwagika kwenye suruali yake ya jeshi.

Uvimbe ulipopungua kidogo alisema sentensi moja, kwa shida, akimtazama mama yake.

"Nilifikiri ni wao."

Sote tulijua anawasema wenzake wa jeshini. Dereva alitazama chini. Siku ile nilijua kwamba mtu tuliyemwogopa alikuwa anakula kila mlo wake kambini akiutazama hivyo, na kwamba odii ya mama yake ndiyo iliyokuwa chakula pekee alichokula bila kufikiri. Lakini kujua hivyo hakukunipunguzia hofu. Mtu anayeogopa na ana bastola ni hatari kuliko asiyeogopa.

Alipoinuka alisimama mbele ya mmea, mbali kidogo, mikono nyuma.

"Huu mti ubaki hapa," alisema. "Usitoke, usife. Watu wameniona njiani nikiwa hivi, wataulizana. Nataka uwepo, kila mtu auone. Mti ukifa, shemeji, nitajua mlikuwa mnaficha kitu."

Akaenda.

Tangu siku ile niliutunza mmea ule kama mtu anayelinda mfungwa. Sikuupenda tena. Sisimizi walipokuja kulamba matone matamu yanayotoka kwenye vikonyo, zamani ningewaacha, sasa niliwafuta asubuhi na jioni, nikiogopa wameleta ugonjwa. Jani la chini lilipogeuka njano, jambo ambalo kila mmea hufanya, nililikata nikalizika shambani asilione mtu. Majirani walikuja kutazama. Yule mwanamke mzima alisimama mlangoni, akaangalia dirishani, akasema, "Bado uko?" Mama mkwe akamjibu, "Uko. Ingia ukae nao." Hakuingia.

Mvua za mwaka uliofuata zilipoanza, majani yalianza kulegea. Nikatia kidole kwenye udongo, nikakuta tope. Sikuelewa, maana nilikuwa nimemwagilia kidogo sana. Nilivuta debe mbele, maji yenye harufu mbaya yakatoka chini. Mizizi ilikuwa inaoza. Nilikaa sakafuni nikashika kichwa. Mama mkwe aliingia akiwa na kikombe cha maji mkononi, akanikuta hapo, akasimama.

"Unaupa maji?" nilimuuliza.

"Kidogo. Kila siku. Ukiwa jikoni."

"Mama, na mimi naupa."

Mume wangu alikuwa mlangoni akivua viatu. Alikohoa. "Na mimi," alisema, "nikirudi shamba."

Sote watatu tulikuwa tunaumwagilia kila mmoja peke yake, kwa hofu, na kwa kutowaamini wengine kama watakumbuka. Mama mkwe alianza kucheka, akacheka mpaka akaketi, halafu akaacha ghafla. "Mwanangu ana likizo mwezi huu," alisema.

Nilikata juu, mahali shina lilipokuwa gumu na safi, vifundo vitatu, kila kimoja na mzizi wake wa hewani. Nilikiacha kidonda kikauke kivulini, kisha nikapanda kipande hicho katika mchanga na mkaa, nikakifunga kwenye gogo lilelile kwa vipande vya kitenge. Niliwakataza wote kukigusa. Kila asubuhi niliamka nikaenda kuangalia kama majani yamesimama.

Shemeji alipokuja aliingia sebuleni kabla hata ya kumsalimia mama yake.

"Mti umepungua," alisema.

"Tumeukata, shemeji, ili ukue vizuri."

Aliinama. Kwenye ncha kulikuwa na ganda jipya la waridi, bado limefungwa. Aliliangalia kwa muda mrefu. Sijui aliona nini. Akaketi upande wa pili wa chumba, na wakati wa chakula mama yake alionja kila sahani mbele yake, kana kwamba nyumba yetu imekuwa hivyo siku zote.

Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona. Vita vilipoanza kusini redio ilisema jeshi letu linashinda, kisha ikasema mengine, kisha ikanyamaza. Askari walianza kupita Koboko wakielekea mpakani, kwanza kwa magari, baadaye kwa miguu, bila viatu, wengine wakiwa wamevaa nguo za raia zisizowatosha. Tuliuliza habari zake kwa kila aliyekubali kusimama. Wengi hawakusimama. Mmoja alisema yuko hai. Mwingine alisema hamjui kabisa, na alisema haraka mno.

Ikafika asubuhi tuliyopata nafasi kwenye lori la jamaa mmoja la kwenda Sudan. Watu wa Arua walikuwa wanafika wakisema mizinga inasikika. Tulipakia magodoro, sufuria, mbuzi, mashine ya kushonea ya jirani. Mama mkwe alipandishwa juu kabisa, akakalishwa kwenye godoro, akashika kamba. Dereva aliwasha injini. Ndipo mama mkwe alipoinama akanitafuta kwa macho kati ya watu.

"Mti umepewa maji?"

Mtu mmoja nyuma yangu alitukana. Mwingine alicheka vibaya. Mume wangu alinishika mkono, kisha akauachia. Nilishuka.

Nilirudi ndani ya nyumba. Mtungi ulikuwa na maji kidogo chini. Nilitia kidole kwenye udongo, na udongo ulikuwa umekauka kupita pingili ya kwanza. Nilimimina taratibu, pande zote, nikasubiri yanywewe, nikamimina yaliyobaki. Majani yalikuwa na vumbi la magari yote yale yaliyopita wiki nzima. Nilivua kilemba changu nikafuta jani la kwanza, na la pili, na lori lilikuwa linapiga honi.

Nilipotoka niliacha mlango wazi kabisa, nikauzuia kwa jiwe, ili yeyote atakayeingia auone mti tangu kizingitini, aone uko hai na kwamba hatukuwa tunaficha kitu.